Google na APK: tunalilia GB WhatsApp wakati kinachopotea ni kingine

Tangu Google watangaze tarehe 25 Agosti 2025 kwamba simu za Android zitakuja kukataa aplikesheni ambayo mtengenezaji wake hajajisajili na kuhakikiwa, magrupu yamejaa kelele za aina mbili. Kuna wanaosema APK, yaani faili la aplikesheni unaloinstoli mwenyewe bila kupitia Play Store, imekufa, kaeni mkao wa kulipia kila kitu, na kuna wanaoshangilia kwamba sasa matapeli wamekwisha na simu za wazazi wetu zitapona. Mimi naona pande zote mbili zimeelewa vibaya. APK haijafutwa na utapeli haujamalizwa. Kinachoguswa kweli ni kile kikundi kidogo cha aplikesheni za bure za kweli, zisizo na matangazo wala ujanja wa kukusanya taarifa, ambazo ndizo zinazofaa kuliko zote kwa mtu mwenye simu ya GB 32 na bando la wiki, na kinachosikitisha ni kwamba wengi wetu hatujawahi hata kujua kama zipo, kwahiyo zikipotea hakuna atakayepiga kelele.

Tuanze na kilichotangazwa chenyewe maana huko ndiko kuna mkanganyiko. Kuanzia Septemba 2026 katika nchi nne, Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, aplikesheni yoyote itakayoinstoliwa kwenye simu ya Android iliyothibitishwa na Google lazima iwe imetoka kwa mtengenezaji aliyehakikiwa, na kuanzia 2027 utaratibu huo utasambazwa duniani taratibu. Simu iliyothibitishwa maana yake ni karibu kila simu inayouzwa madukani ikiwa na Play Store ndani yake, Tecno, Infinix, Samsung, Redmi, zote hizo. Mtengenezaji atatakiwa atoe jina lake la kisheria, anwani, barua pepe na namba ya simu, halafu asajili jina la kifurushi cha aplikesheni yake, yaani jina la ndani ambalo simu inaitambua kwalo, pamoja na ufunguo wa kidijitali anaotumia kuisaini. Akishafanya hivyo anaweza kuigawa popote anapotaka, kwenye tovuti yake, kwenye duka lingine, hata kwa kumrushia mtu faili kwa Bluetooth. Google wenyewe wamefananisha na ukaguzi wa kitambulisho uwanja wa ndege, kwamba wanathibitisha wewe ni nani na begi lako ni ukaguzi mwingine kabisa. Kwahiyo anayesema APK imekufa hajasoma, na anayesema kila kitakachopita kitakuwa salama naye hajasoma, maana hayo ni maneno yao wenyewe, begi hawajalifungua.

Sasa hapa lazima tukubaliane kitu kuhusu neno nafuu. Huku kwetu watu wanaonunua aplikesheni kwa hela ni wachache sana, hata Kenya ambako M-Pesa inakubalika kulipia Play Store. Tukitafuta aplikesheni tunaandika jina la kazi, labda kuskani karatasi, kubana video, kuhesabu siku, kusoma PDF, tunachukua ya kwanza iliyoandikwa bure yenye nyota nyingi, basi. Lakini gharama ipo palepale, inalipwa kwa njia nyingine. Matangazo ya video yanayojifungulia yanakula MB ulizonunua kwa hela yako mwenyewe. Aplikesheni inayoendelea kufanya kazi chinichini inamaliza chaji mahali ambapo umeme unakatika. Memori inajaa, simu inaanza kukwama, mtu anaenda kutafuta simu mpya wakati ya kwake haina tatizo lolote. Na ruhusa ulizobonyeza bila kusoma, majina ya watu wako, meseji, mahali ulipo, zinageuka kuwa mali ya mtu usiyemjua. Aplikesheni nafuu kwa mtu wa hapa ni ile nyepesi, inayofanya kazi bila intaneti, isiyo na tangazo na isiyoomba ruhusa isiyoihusu, na ukiangalia vizuri utaona Play Store haikuonyeshi za namna hiyo kwanza.

Nitoe mifano maana bila mifano hii inabaki nadharia. CamScanner ya kuskani karatasi, karibu kila mtu wa stesheneri na kila mwanafunzi wa chuo ameshawahi kuitumia, ilikuwa imedaunlodiwa zaidi ya mara milioni 100 kwenye Play Store, na Agosti 2019 watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa mitandao, wakakuta ndani yake kuna kipande cha matangazo kilichokuwa na uwezo wa kushusha programu mbaya kwenye simu ya mtu. Ilitolewa dukani, ikasafishwa, ikarudi. Mfano wa pili ni Simple Mobile Tools, zile aplikesheni ndogondogo za picha, kalenda, mafaili na simu, zilikuwa nyepesi na hazina tangazo hata moja, watu walizipenda sana. Mwishoni mwa 2023 mwenye nazo akaziuza kwa kampuni ya ZipoApps. Kwa duka la kawaida hadithi ingeishia hapo, mwenye mali kauza mali yake, wewe subiri apdeti ije na mambo mapya. Lakini kwa kuwa kodi zake, yaani maandishi ya programu yenyewe (code), zilikuwa wazi, watu waliokuwa wanachangia wakazichukua zilipokuwa safi na kuziendeleza kwa jina la Fossify, na mpaka leo unazipata bure kwenye F-Droid bila tangazo.

Hiyo F-Droid ndiyo nataka tuitazame kwa kina. Ni duka la aplikesheni lililoanzishwa mwaka 2010, linaendeshwa kwa michango na kazi ya kujitolea, halina akaunti, halikuulizi jina, na kila aplikesheni iliyomo ni ile ambayo kodi yake iko wazi kila mtu aikague. Wakikuta aplikesheni ina matangazo au inafuatilia watu wanaiwekea alama ya onyo palepale kwenye ukurasa wake ili ujue kabla hujachukua. Na kuna jambo ambalo watu wakiambiwa hawaamini, kwamba baadhi ya aplikesheni zinazouzwa Play Store ziko bure kule kwa ridhaa ya watengenezaji wenyewe, hakuna wizi wowote. DAVx5 ya kuoanisha kalenda na majina, ile Conversations ya kuchati, zote unalipia Play na unazipata bure F-Droid. OsmAnd ya ramani ukichukua ile ya bure ya Play unapewa kudaunlodi ramani saba tu na kuapdeti nako kunahesabika, ukichukua toleo la F-Droid hakuna kikomo. Na ramani zenyewe zimetoka OpenStreetMap, ramani ya wazi ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ambako Dar es Salaam imechorwa kwa jasho la watu wa hapahapa. Kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walizunguka kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko wakachora mitaro, vichochoro na nyumba kupitia mradi wa Ramani Huria, ndiyo maana ukiifungua Tandale huko unakuta njia za miguu ambazo bodaboda anazijua. Ramani ya kwetu, tumeichora wenyewe, inafunguka bila bando, na haina tangazo. Ongeza VLC ya video, ongeza Kiwix ambayo unashusha Wikipedia nzima ya Kiswahili mara moja halafu unasoma hata ukiwa kijijini bila mtandao, utaona kwamba tatizo la aplikesheni nzuri za bure halikuwa kukosekana kwake, tatizo ni hakuna anayezitangaza maana hakuna anayepata faida.

Tuwatendee haki Google lakini, maana hoja yao ya msingi ni nzito na wanaoibeza hawajakaa na mtu aliyeibiwa. Wanasema kwa uchambuzi wao aplikesheni zinazotoka mitandaoni nje ya duka lao zina programu mbaya zaidi ya mara 50 kuliko zilizomo Play. Hata tukisema takwimu ni ya kwao wenyewe na wana maslahi, uhalisia tunauona. Mtu anapigiwa simu anaambiwa huduma kwa wateja, laini yako inafungwa, bonyeza linki hii uinstoli aplikesheni hii, akishatoa ruhusa ya kusoma meseji ndiyo imetoka, namba za uhakiki za benki zinasomwa na mtu mwingine. Singapore walianza kuzuia jambo hili Februari 2024 wakishirikiana na Google, aplikesheni ya kutoka mitandaoni ikiomba ruhusa za kusoma meseji, kusoma arifa au kushika ile huduma ya ufikivu inayoweza kuona kila unachobonyeza, simu inaikatalia. Mpango huo ukapanuliwa nchi nyingine na Kenya ikiwemo, na Google walisema kwa mwaka 2024 ulizuia majaribio milioni 36 kwenye simu milioni 10. Hizo ni familia zimenusurika. Na kuhusu hizi WhatsApp zilizobadilishwa na watu wasiokuwa WhatsApp wenyewe, kama hiyo GB WhatsApp, ambazo watu wanazililia, mwaka 2021 Kaspersky walikuta toleo la FMWhatsapp limebeba Triada, mdudu anayeweza kushusha programu nyingine na kukuandikisha huduma za kulipia bila wewe kujua. Mtu anataka tu aone status iliyofutwa, anakabidhi maongezi yake yote kwa fundi asiyejulikana. Kwahiyo anayekuja kupinga hatua ya Google kwa hoja kwamba atakosa GB WhatsApp mimi simuungi mkono, hiyo ndiyo sehemu ya tangazo ambayo haina hasara.

Ila angalia vizuri mfano wa Singapore na Kenya, unafundisha kitu ambacho washangiliaji wanakiruka. Uzuiaji ule ulitazama tabia ya aplikesheni, inaomba nini na imetoka wapi, haukutazama jina la mtengenezaji, na ukafanya kazi. Hapa ndipo inapoanguka hoja ambayo naiona dhaifu kuliko zote kwenye mjadala huu, ile inayosema ndani ya Play ni salama, nje ni hatari, na asiye na cha kuficha ajisajili tu. Waliotuumiza zaidi kwa simu miaka hii hawakuwa wamejificha. Walikuwa dukani, na akaunti, na nyota nne na nusu. Desemba 2023 kampuni ya ESET ilitoa ripoti ya aplikesheni 18 za mikopo zilizokuwa Play Store, zimedaunlodiwa zaidi ya mara milioni 12, zinakomba majina ya watu kwenye simu, meseji na picha halafu zinatumia hizo kumtishia mkopaji, na Kenya ilitajwa kati ya nchi zilizolengwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Nani hapa mtaani hajui mtu aliyekopa elfu 50 ya kausha damu ya kwenye simu halafu bosi wake, mchungaji wake na mkwe wake wakatumiwa meseji kwamba huyu ni mwizi? Kilichowabana hawa kule Kenya ilikuwa sheria ya mwaka 2021 iliyowaweka chini ya Benki Kuu, kanuni zikafuata 2022, na ni baada ya hapo Januari 2023 Google wakaanza kudai uthibitisho wa leseni kwa aplikesheni za mikopo Kenya. Jina na anwani havikumzuia mtu kufanya ubaya. Kilichomzuia ni kuulizwa unafanya nini na data za watu na nani amekuruhusu.

Na tapeli mwenye mtaji atajisajili. Atalipa mtu mwingine atoe kitambulisho, kama tunavyoona laini za simu zinavyosajiliwa kwa vitambulisho vya wazee wasiojua, na tuna usajili wa alama za vidole lakini meseji za tuma kwa namba hii zinaendelea kuingia. Siyo kwamba usajili hauna faida yoyote, unampunguzia tapeli kasi, akifungiwa inabidi atafute kitambulisho kingine, na hilo ni jema kweli. Ila lazima lipimwe na gharama yake, na gharama inaangukia upande usiokuwa na hela.

Chukua F-Droid. Wao wanachukua kodi ya wazi ya mtengenezaji, wanaijenga wenyewe kwenye mashine zao ili kuhakikisha unachoinstoli ndicho kilichoandikwa, halafu kwa aplikesheni nyingi wanaisaini kwa ufunguo wao. Sasa utaratibu mpya unataka kila jina la kifurushi liwe na mwenyewe mmoja aliyehakikiwa na ufunguo uliosajiliwa. Je, mwenyewe ni nani hapo, aliyeandika kodi au aliyeijenga? F-Droid Septemba 2025 waliandika kwamba hawawezi kuwalazimisha watengenezaji wao wajisajili Google, na hawawezi kujimilikisha majina ya kazi za watu, kwahiyo agizo hili likitekelezwa lilivyo litaumaliza mradi wao. Wengi wa hao watengenezaji wanafanya kazi hiyo usiku baada ya ajira zao, hawalipwi, wapo wengine kwenye nchi ambako kujulikana kwamba umetengeneza aplikesheni ya mawasiliano ya siri ni hatari ya kweli. Ukimwambia atume kitambulisho kwa kampuni ya Marekani ili aendelee kukupa zawadi, ataacha. Wala hatatangaza kuwa ameacha, apdeti zitakoma tu.

Novemba 2025 Google walilegeza kidogo baada ya kelele, wakasema watatengeneza njia maalumu ya watumiaji wazoefu wanaokubali hatari, waweze kuinstoli aplikesheni isiyohakikiwa baada ya kupita maonyo, na wataweka akaunti ya wanafunzi na wanaojifunza yenye masharti mepesi lakini kwa idadi ndogo ya simu. Pia mwenye kompyuta bado ataweza kupitia ADB, ile njia ya kuinstoli kwenye simu kwa amri za kompyuta. Wapo wanaosema basi yameisha, mlango upo. Upo kwa ajili ya nani? Mimi nikikaa na kompyuta yangu nitapita, wewe unayesoma makala ya aina hii utapita. Mama lishe aliyewekewa OsmAnd na mwanae hatapita, na mwalimu wa shule ya msingi anayetaka Kiwix kwenye tableti kumi za darasa akikutana na skrini tatu nyekundu za onyo atadhani anaingiza virusi, ataacha, na kiukweli atakuwa amefanya kile ambacho onyo lilimwambia. Njia ya wazoefu inailinda haki ya mjuzi na inamwacha yule ambaye aplikesheni nyepesi na ya bure ingemsaidia kuliko wote.

Halafu kuna kijana wa hapa. Akaunti ya Play ni dola 25, zaidi ya elfu 60 ya kwetu, ni mara moja tu na kwa mwenye ajira ni hela ya kawaida, sitaki kuikuza. Lakini tangu Novemba 2023 mwenye akaunti mpya binafsi lazima kwanza apate watu wa kuijaribu aplikesheni yake kwa siku 14 mfululizo, walikuwa 20 wakapunguzwa kuwa 12, ndipo aruhusiwe kuomba kuitoa kwa umma. Vijana wengi wamekuwa wakikwepa hayo kwa kugawa APK moja kwa moja, mtu ametengeneza daftari la hesabu za kikoba cha mtaani kwao, anawarushia wanachama thelathini, wakiipenda wanarusha kwa kikoba cha jirani. Hiyo ndiyo njia aplikesheni ya Kiswahili inavyoweza kukua bila mtaji, na akaunti yenye kikomo cha simu chache inaikata pale inapoanza kupendwa.

Lipo pia suala zito zaidi la kutegemea mlango mmoja. Januari 2021 kabla ya uchaguzi wa Uganda, Play Store na App Store zilizuiwa pamoja na mitandao ya kijamii. Watu waliokuwa hawana VPN, ile aplikesheni ya kupita zuio la mtandao, hawakuwa na duka la kuichukua, wakategemea faili kutoka kwa mwenzao kwa Bluetooth au Xender. Kweli Play nayo siku hizi ina sehemu ya kurushiana aplikesheni bila bando, na aplikesheni iliyosajiliwa ikirushwa simu kwa simu itakubali, hilo nalikiri. Ila orodha ya waliosajiliwa itakuwa mkononi mwa kampuni moja, na kampuni inaweza kuamriwa na serikali yoyote imfute fulani, na akifutwa hapo hajatoka dukani tu, ametoka kwenye kila simu mpya itakayotaka kumpokea.

Kwahiyo tunachopaswa kudai kabla ya 2027 kinaeleweka. Ile njia ya kuzuia kwa tabia, iliyokwisha fanya kazi Kenya na Singapore, iimarishwe Afrika Mashariki nzima, maana inamgusa tapeli bila kumgusa mchora ramani. Duka la kodi wazi linalojenga aplikesheni lenyewe litambuliwe kama duka, lihakikiwe kama taasisi moja, bila kuwadai mamia ya wachangiaji wake vitambulisho kimoja kimoja. Usajili ufanyike pia kupitia taasisi za hapa, kuna vituo vya ubunifu kama Buni Hub pale COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, na iHub Nairobi, kuna vyuo, hizi zinaweza kuwa wasajiliwa kwa niaba ya vijana wao wakabaki na kumbukumbu za nani katengeneza nini. TCRA, wasimamizi wa mawasiliano Tanzania, na wenzao wa Kenya na Uganda wana sauti ya kuomba hayo kama jumuiya moja ya Afrika Mashariki, Google wana watumiaji wengi mno huku, hawawezi kutupuuzia. Na sisi watumiaji tuna kazi moja ya sasa hivi isiyohitaji kibali cha mtu, ingia kwenye tovuti ya F-Droid, ishushe, jaribu Fossify kwa wiki moja badala ya hiyo galari yako yenye matangazo, chukua ramani ya mkoa wako, halafu fungua sehemu ya F-Droid iliyoandikwa Nearby umgawie jirani aplikesheni hizo. Aplikesheni zenye watumiaji laki moja hapa kwetu ni ngumu zaidi kuzimwa kimyakimya kuliko zenye watumiaji mia.